Kambale wa Posa

Pélagie alifungua friza, akatoa vipande vya kambale vilivyoganda kama matofali, akavibwaga mezani mbele ya mumewe ili avione vizuri.

"Nimevifuata mpaka Hjulsta," alisema. "Vinatosha wageni wote. Kesho nitavipika kwa mawese, nitaweka na sombe ya majani ya muhogo pembeni, na hakuna atakayeuliza vimetoka wapi."

"Jean-Bosco atauliza."

"Basi umjibu kwamba vimetoka dukani, kama kila kitu kinacholiwa katika nchi hii."

Firmin hakucheka. Alikuwa ameinama chini ya taa ya jikoni, akifunga ndoana kubwa kwenye mshipi mnene, na kila fundo alilimaliza kwa kulibana kwa meno. Siku chache nyuma Jean-Bosco, baba mkubwa wa kijana Axel na msemaji wa ukoo wake, alikuwa amepiga simu kupanga siku ya kuja kumposa Christelle, binti wa Firmin. Mazungumzo yalikwenda kwa heshima zote hadi wazee hao wawili walipogundua kwamba wamekulia kando ya ziwa moja: Jean-Bosco kule Rumonge, upande wa Burundi, Firmin kule Baraka, upande wa Kongo. Hapo heshima ikaisha na ubishi wa wavuvi ukaanza. Firmin alisema watu wa Baraka ndio waliowafundisha wa Rumonge kushika kasia. Jean-Bosco akamjibu kwamba mtu wa Baraka akishafika Sweden husahau hata harufu ya samaki. "Mtatulisha barafu, Muzee!" alisema, na nyuma yake zikasikika sauti za watu wakiangua kicheko. Ndipo Firmin akaapa, simu ikiwa wazi na jamaa wote wakisikiliza, kwamba siku ya posa wangekula kambale aliyemvua yeye kwa mkono wake.

"Kwa hiyo unakwenda," alisema Pélagie.

"Eliud ameniachia boti yake."

"Na Eliud mwenyewe?"

"Ameitwa kazini."

"Peke yako, basi! Mtu aliyekaa miaka yote hii akiendesha basi, kesho anaamka mvuvi. Bon. Papa Christelle, nisikilize. Saa nane wale watu watagonga mlango huu. Jean-Bosco hana mchezo. Walikwenda kuposa huko Jordbro, wakaambiwa baba ametoka kidogo, anarudi sasa hivi. Hawakukaa. Hawakugusa hata maji. Walibeba vikapu vyao wakaondoka, na posa ile ikafia mlangoni. Kwao, baba asipokuwa kitini, hakuna nyumba."

"Saa tano nitakuwa hapa, nimeoga, nimevaa suti."

Christelle alitokea chumbani, rollers kichwani, uso umejaa wasiwasi. "Pappa, snälla," alimsihi, kisha akaendelea kwa Kiswidi, kama alivyozoea, kwamba samaki ni samaki, kwamba Axel hajali, kwamba hakuna mtu wa rika lao anayejali. Firmin alilibana fundo jingine kwa meno. Binti yake akamtazama kitambo, akabadili lugha.

"Baba," alisema kwa Kiswahili. "Usichelewe. Nakuomba hilo tu."

*

Ziwa halikuwa mbali na Tumba, mji waliokoishi. Jua la Juni lilikuwa limeshapanda juu ya misonobari Firmin alipoisukuma boti majini, ingawa mjini watu wengi walikuwa bado wamelala. Ilikuwa boti ndogo ya plastiki ngumu, rangi imebabuka, na injini yake ilikuwa na umri mkubwa kuliko Christelle. Aliivuta kamba ya kuwashia hadi bega likamuuma. Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikazima. Alipoifungua akakuta mpira wa mafuta umepasuka karibu na tangi. Akaukata pale palipopasuka, akaurudisha, akaufunga kwa uzi wa kuvulia. Ikawaka.

Hakuwa mtu wa kuvunja sheria. Mtu mwenye ombi la uraia linalosubiri majibu hujifunza kutembea kama amebeba mayai, na Firmin alikuwa amelipia kibali cha kuvua kwa simu kabla ya kulala. Kwao Baraka, aliyelipa ushuru wa mwalo alikuwa na haki ya kila kilichoingia wavuni mwake, kikubwa kwa kidogo. Haikumjia kwamba ziwani kungeweza kuwa na samaki mmoja asiyeguswa. Lakini ndivyo ilivyo katika nchi hii: kambale wa maziwa yake hulindwa na sheria, havuliwi popote, na anayemnasa kwa bahati mbaya sharti amrudishe majini papo hapo. Eliud, rafiki yake aliyemwambia kwamba kando ya matete ya upande wa pili aliwahi kuona kitu kikubwa chenye masharubu, hakulijua hilo pia.

Kando ya matete alishusha nanga, akatia maini ya kuku kwenye ndoana, akasubiri. Rili aliyoazimwa na Eliud ilikwama mara ya kwanza alipoizungusha. Aliipigapiga, akaitia mate, akaitukana kwa Kibembe, mwishowe akaivua kabisa na kuuzungusha mshipi mkononi, kama alivyomwona baba yake akifanya maelfu ya mara. Saa zikapita. Mpira wa mafuta ukaanza kuvuja tena, tone baada ya tone, na harufu ya petroli ikatanda ndani ya boti. Alianza kufikiri juu ya vile vipande vilivyokuwa vikiyeyuka jikoni, na namna ambavyo Pélagie asingesema neno akivitia sufuriani, na namna kutosema kwake kungekuwa kubaya kuliko kusema.

Mshipi ukavutwa.

Haukuvutwa kama samaki anavyovuta. Ulikwenda taratibu, kwa uzito, kana kwamba sakafu ya ziwa imeamua kuhama. Firmin alikaza mkono na mshipi ukamkata kiganja. Boti ikageuka upande, kamba ya nanga ikapita chini ya injini na kukaza. Kwa kitambo ilionekana kwamba nanga ingeivuta boti upande mmoja na samaki upande mwingine mpaka izame katikati. Alitoa kisu, akaikata kamba. Nanga ya Eliud ikapotea. Boti ikaanza kusafiri nyuma ya samaki kama mbuzi anayepelekwa sokoni.

Walipigana kwa muda mrefu. Samaki alipochoka akapanda juu, na Firmin akakiona kichwa kipana, bapa, mdomo mpana kama sahani, na masharubu mawili marefu yakielea pande zote. Alipiga kelele peke yake ziwani. Aliinama, akaingiza mkono kinywani mwake, akakamata taya la chini na kuvuta kwa nguvu zake zote, na wakati kambale anaingia, simu ikateleza kutoka mfuko wa shati, ikadumbukia.

Aliitazama ikizama bila uchungu wowote. Samaki alikuwa mrefu kama mtoto wa shule. Alimfunika kwa turubai, akamwagia maji, akasema kwa sauti, "Barafu, enhe? Kesho utaniambia, Jean-Bosco," ingawa ilikuwa leo.

Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Alikuwa katikati ya ziwa, akiuona ufukwe alikoegesha gari, wakati ilipogonga jiwe lililokuwa chini kidogo ya uso wa maji. Mlio ukabadilika. Injini ilinguruma, lakini propela haikuzunguka: pini yake ilikuwa imekatika. Akanyanyua makasia. Kwa muda yalikwenda vizuri, halafu chuma kilichoshika kasia la kushoto kikang'oka na kutumbukia alikotumbukia kila kitu. Tangu hapo boti ilizunguka tu. Upepo uliinuka na kuanza kumrudisha kulekule kwenye matete. Jua lilikuwa limefika utosini.

*

Wageni walifika saa nane kamili. Jean-Bosco alitangulia, mrefu, fimbo mkononi, suti ya rangi ya kahawa. Nyuma yake walikuja mkewe na shangazi wawili waliovaa imvutano, mavazi ya Kirundi ya kitambaa cha kung'aa, wajomba na vikapu vyao, na mwisho wa wote Axel, ambaye siku hiyo hakuwa na haki ya kusema chochote. Pélagie aliwapokea kwa vigelegele vilivyokauka.

"Karibuni, karibuni sana. Karibuni mkae."

Jean-Bosco alitazama sebuleni. Kiti kikubwa cha mkabala na dirisha kilikuwa kitupu.

"Mwenye nyumba hajambo?"

"Hajambo, Muzee. Alikuwa na zamu ya asubuhi. Unajua kazi za basi. Yuko njiani."

"Zamu siku ya posa ya binti yake?"

"Walimlazimisha."

"Pole yake," alisema Jean-Bosco. "Tutamngoja."

Hakukaa. Kwa kuwa yeye hakukaa, hakuna aliyekaa. Walisimama ngazini, kwenye korido na mlangoni pa sebule, viatu bado miguuni, vikapu bado mikononi, na jirani wa Kiswidi aliyetaka kupita ngazini na baiskeli yake alilazimika kusema samahani kwa kila mmoja wao. Pélagie alipitisha trei ya juisi. Trei ikarudi kama ilivyokwenda. Shangazi mmoja aliangalia picha ukutani kwa makini mno, kama mtu anayesoma. Mwingine alimwuliza mwenzake kwa Kirundi kitu ambacho Pélagie hakukielewa, na wote wawili wakatazama chini.

Nyuma ya mlango wa chumba, mahali ambapo binti anayeposwa hukaa asionekane, Christelle aliipiga namba ya baba yake tena na tena. Kila mara sauti ya mwanamke ilimjibu kwa upole kwamba mteja hapatikani.

"Mama," alinong'ona Christelle mara Pélagie alipoingia. "Amezama?"

"Funga mdomo wako."

"Mama, kama amezama, na sisi tunapitisha juisi—"

"Nimesema funga mdomo," alisema Pélagie, akatoka tena na trei.

*

Huko ziwani Firmin alikuwa amevua shati, amelifunga kwenye kasia, amelisimamisha juu. Katika ziwa la kwao, mtu akisimamisha kasia lenye nguo, kila mtumbwi unaoliona huacha kazi na kuja. Hata adui huja. Kwenye gati moja la mbali palikuwa na familia ikiota jua. Baba wa familia alimwona, akainua mkono, akampungia. Watoto wakapunga taulo. Firmin alitikisa kasia kwa nguvu zaidi, nao wakapunga kwa furaha zaidi. Ikapita boti ya vijana. Mmoja akainua kopo lake la bia kwa heshima, wakaenda zao, mawimbi yao yakaijaza boti ya Eliud maji.

"Nisaidieni!" alipaza sauti kwa Kiswidi. Upepo uliipeleka sauti yake kwenye matete.

Aliyekuja hatimaye alikuwa mzee mmoja katika boti ya mbao, kofia kichwani, jina lake Filip. Alikuwa amemtazama kutoka kwenye nyumba yake ya likizo kwa darubini kwa muda mrefu, alisema, kwa sababu hakutaka kuingilia mambo ya mtu.

"Injini?" aliuliza.

"Injini. Na kasia. Na simu."

"Na nanga?"

"Na nanga."

Filip alitikisa kichwa polepole, bila tabasamu, kama daktari, akamtupia kamba. Alimvuta hadi kwenye gati lake mwenyewe, karibu na pale gari lilipokuwa. Firmin alimwuliza saa. Ilikuwa imepita saa nane kwa robo nzima. Angeweza kukimbia. Angeweza kulibeba turubai begani na kukimbia, na mambo yote yangekwenda kwa njia nyingine. Lakini Filip alikuwa ameshaanza kufungua kamba ili arudi nyumbani kwake, na Firmin hakuweza kumwacha mtu aliyemvuta majini aondoke mikono mitupu. Hilo halikuwa jambo la kufikiri. Kwao, anayevutiwa mtumbwi hutoa samaki hapohapo, kabla hajakanyaga nchi kavu. Asiyetoa, hata mkewe humwonea haya.

"Subiri," alisema. "Fungu lako."

"Hapana, hapana. Haikuwa taabu."

"Lazima. Kwetu ni lazima. Mimi nahitaji kichwa tu na nusu ya mwili, kwa wageni." Akalifunua turubai kwa fahari.

Filip alivua kofia. Alipiga magoti kwenye mbao za gati kwa shida, akishika nyonga, akatazama kwa karibu.

"Huyu ni kambale," alisema.

"Ndiyo! Mkubwa, siyo?"

"Sijawahi kusikia mtu amemwona katika ziwa hili. Maisha yangu yote." Alinyanyua uso, na Firmin akaona kwamba haukuwa uso wa mtu aliyepewa zawadi. "Rafiki yangu, samaki huyu haruhusiwi. Analindwa. Nchi nzima."

Firmin alicheka, akidhani mzee anamtaka samaki mzima. Kisha akaacha kucheka.

"Nina kibali."

"Kibali hakimhusu huyu."

"Sikujua."

"Naamini. Bado anapumua, tazama." Kweli, chini ya turubai lililolowa, shavu la kambale lilinyanyuka, likashuka. "Arudi majini sasa hivi. Lakini ukimtupa tu atageuka tumbo juu na kufa. Sharti ashikwe, kichwa kikitazama upepo, maji yapite, mpaka apate nguvu mwenyewe. Mimi siwezi kuingia. Nyonga hii ni ya chuma."

"Nina wageni nyumbani. Wameshafika. Binti yangu—" Kiswidi chake kilimkimbia. Ni kwa neno gani la Kiswidi ungemweleza mtu kiti kitupu? "Ninaondoka. Namwachia ziwa."

"Mimi si polisi," alisema Filip kwa upole. "Lakini nimeona. Akifa mikononi mwako ukijaribu kumwokoa, ni ajali, na nitasema ni ajali. Ukimwacha ukaondoka, siyo ajali tena."

Firmin alisimama na kiganja chake kilichokatwa kikidondosha damu kwenye gati la mtu mwingine. Alifikiri juu ya jina lake, linavyoandikwa, mahali ambapo lingeandikwa: kwenye jalada la polisi, ombi la uraia likingoja. Halafu alishuka majini na suruali yake, mpaka kiunoni, baridi ikamkata pumzi, akamshika kambale kwa taya na chini ya tumbo, akamgeuzia upepo. Alipomlegeza kidogo, samaki alilala ubavu. Akamshika tena.

"Nipigie simu nyumbani," alimwambia Filip. "Tafadhali. Nitakutajia namba." Ilikuwa namba ya Pélagie, ya pekee aliyoikariri.

*

Pélagie aliipokea simu jikoni. Alisikiliza. Alisema "Asante, Mungu wangu" mara moja. Aliporudi kwenye korido uso wake ulikuwa umebadilika. Hakuwa na trei.

"Wageni wetu," alisema. "Niliwadanganya. Mume wangu hakuwa kazini. Alikwenda ziwani tangu alfajiri kuwatafutia samaki aliyewaahidi. Boti ikamharibikia. Samaki amempata, lakini ni samaki anayekatazwa, naye amesimama majini amemshika mpaka apone. Akimwacha akafa, ni kesi. Hawezi kumwachia."

Mjomba mmoja akaanza kucheka puani, na kicheko kikapita katika korido kama kikohozi.

"Mama," aliuliza Jean-Bosco, "amekunywa?"

"Papa Christelle hanywi."

"Watu wa Baraka!" alisema mjomba yule. "Hata kambale wao wana wakili."

Jean-Bosco hakucheka. Alikuwa amesimama muda wote bila kuegemea ukuta, na sasa alihamishia uzito wake kwenye fimbo. "Pole zetu," alisema. "Si kwa ubaya. Lakini hatuwezi kuomba binti kwa kiti. Siku nyingine, Mungu akipenda." Akawapa wenzake ishara, na vikapu vilivyokuwa vimewekwa chini kidogo vikainuliwa. Nyuma ya mlango wa chumba kilisikika kitu kikianguka.

"Baba mkubwa." Ilikuwa sauti ya Axel. Shangazi wote wawili waligeuka kwa mshtuko. "Leo mimi nina kazi gani hapa?"

"Kazi yako ni kunyamaza."

"Naweza kunyamaza mahali pengine?"

Jean-Bosco alimtazama.

"Nenda," alisema. "Sisi tutasimama."

*

Firmin alimwona Axel akija mbio kwenye gati na viatu vyake vyeusi vinavyong'aa, tai imepeperukia begani. Hakuwa amempenda sana kijana huyu. Alichora mabomba ya maji kwenye kompyuta, mikono yake laini kama ya katibu wa parokia, na mara moja walipokula pamoja alitenga miiba ya samaki kwa uma. Sasa aliruka majini bila hata kuvua koti.

"Baba, nipe mimi. Funguo ziko ndani ya gari langu, limelizibia lako njia. Ondoka. Wanakungoja, wamesimama."

"Huwezi."

"Nionyeshe."

Meno ya Firmin yalikuwa yakigongana. "Tia dole gumba mdomoni. Ndani zaidi, hana meno ya kukudhuru, anakwaruza tu. Mkono mwingine hapa. Usimbane. Si begi hilo! Mlaze juu ya mkono, abebwe na maji."

"Hivi?"

"Shusha. Hivyo."

Ute wa samaki ulipakaa mkono mzima wa koti. Axel alishikilia, macho yamemtoka, akiogopa hata kupumua. Mikono minne ilikuwa imemshika kambale, na miwili kati yake ilitakiwa kuondoka, lakini haikuondoka.

"Nitajuaje kama yuko tayari?"

"Atasukuma. Asiposukuma, usimwachie. Hata usiku ukiingia."

"Sawa."

"Hata ukiona baridi."

"Baba. Nenda."

Firmin aliondoa mkono wa kwanza, halafu wa pili. Samaki aliyumba, akatulia kifuani pa kijana.

*

Aliingia nyumbani kwake pekupeku, suruali imegandamana na mapaja, ukanda wa kitambaa alichopewa na Filip umefungwa kiganjani. Korido ilimfungulia njia. Wote walikuwa wima. Jirani wa Kiswidi alikuwa amemletea mke wa Jean-Bosco kigoda kutoka kwake, na kigoda kilikuwa katikati ya korido, hakuna aliyekikalia. Firmin alipita mbele yao akiacha nyayo za maji sakafuni, akaketi kwenye kiti chake, akaweka mikono juu ya magoti.

"Karibuni mkae," alisema.

Jean-Bosco alisogea hadi mbele yake. "Muzee Firmin. Ulituahidi kitu."

"Niliahidi, na sikuweza. Nasema mbele ya mke wangu na mbele ya ukoo wako wote: sikuweza. Mdomo wangu ulinitangulia."

Kulikuwa na shangazi aliyekuwa tayari kwa mzaha; akaumeza. Jean-Bosco alivuta kiti, akajishusha polepole kwa msaada wa fimbo, na goti lake likatoa mlio uliosikika sebule nzima. Wengine wakakaa kwa pamoja, kwa pumzi moja, kama kanisani. Akaanza hotuba. Alikuwa na sauti nzuri, na alianzia mbali, kama inavyotakiwa: babu wa babu, ng'ombe waliovuka mto, ua lililoonekana kwenye bustani ya wengine. Hakuwa amelifikia ua hilo vizuri simu ya Pélagie ilipolia. Firmin aliinyakua.

"Axel?"

"Ameondoka." Sauti ilitetemeka kwa baridi hata herufi zikakatika. "Baba, ameondoka."

"Kwa nguvu?"

"Alisukuma. Nilikumbuka ulichosema, nikafungua mikono. Sikumwona hata akienda."

Firmin alifumba macho. Sebule nzima ilikuwa inamwangalia.

"Mzee Filip yuko wapi?"

"Amekwenda kulala kidogo, amechoka, ameniachia simu yake. Hapana, sijambo. Nimekaa tu hapa gatini. Ninyi endeleeni."

"Usikae kwenye upepo," alisema Firmin. "Ingia nyuma ya banda. Nakuja."

Akasimama. Jean-Bosco aliinua fimbo yake kumzuia.

"Unakwenda wapi? Baba hatoki kitini! Hata sijafika kwenye ombi!"

"Muzee wangu, nisamehe. Utaendelea nikirudi, nitasikiliza mpaka kesho. Mwanangu amelowa, yuko peke yake, na gari lake ninalo mimi."

Neno hilo, mwanangu, alilisema tu, akitafuta viatu vikavu, na hakuona jinsi shangazi wawili walivyoshikana mikono, wala jinsi msemaji wa ukoo alivyobaki na mdomo wazi, hotuba yake yote nzuri ikiwa haina tena mahali pa kwenda. Alipofika kwenye korido alimkuta Christelle, ambaye kwa desturi hakupaswa kuonekana na mtu yeyote mpaka aitwe. Alikuwa ameshavaa viatu, amekumbatia taulo na koti la baba yake la baridi, na aliufungua mlango kabla yake.